Ananitimizia kila kitu ila kitandani ananipa mgongo

Shikamoo anti,

Mi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, tunaishi Dar huku Kimara, mume wangu ana 45 yuko kwenye kampuni ya usafirishaji. Ndoa yetu ina miaka 13. Naomba jina langu usiliweke.

Anti mume wangu sio mtu mbaya, nianzie hapo kabisa maana watu wakisikia tu wanakimbilia kusema achana nae. Hanipigi, hanitukani, halewi, ada analipa, mama yangu akiumwa yeye ndo anakua wa kwanza kutuma hela. Ila hatuongei. Yani ukifungua meseji zetu za WhatsApp utadhani ni za mwenye nyumba na mpangaji, "token imeisha", "nimetuma", "gesi", "sawa", "mtoto anadaiwa hela ya mtihani", "sawa". Nikipandisha juu nakuta za miaka ya nyuma tulikua tunatumiana mavoisi marefu yeye yuko kwenye foleni Ubungo ananisimulia konda kafanya nini abiria kajibu nini, nacheka peke yangu jikoni. Siku hizi hakuna.

Kitandani ndo usiseme. Toka mwaka jana katikati hivi hanigusi. Mi naingia kulala saa nne yeye anabaki sebuleni na mpira, mechi ikiisha anaangalia marudio, anaingia saa sita huko nimeshalala au najifanya nimelala. Siku nyingine analala mzungu wa nne anasema mtoto anamsukuma (huyu wa mwisho ana miaka minne bado analala na sisi). Nikimsogelea amechoka, kesho anaamka saa kumi. Kuna siku nikasema liwalo na liwe nikamuanza mimi, ikashindikana, akageukia ukutani hakusema neno na mimi sikusema neno. Asubuhi nakuta kaacha mezani hela ya matumizi mara mbili ya anayoachaga. Anti ile hela iliniuma mpaka nikalia, nikaona kama ananilipa ninyamaze.

Nimejaribu kumfikishia ujumbe. Nilinunua kanga imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI nikawa naivaa makusudi kila jioni anapofika, akasema tu rangi nzuri.

Sasa kila mtu ana lake. Shoga yangu kazini anasema huyo ana mchepuko, kamata simu. Simu nimejaribu ina paswedi. Dada yangu wa Tanga kanipa namba ya mtaalamu anataka elfu themanini anasema ndani ya siku saba atarudi mzima mzima. Jirani kasema nimnunulie vumbi la Kongo nimuwekee kwenye chai bila kumwambia. Mama yangu anasema nivumilie wanaume wakifika miaka hiyo ndo walivyo. Mi nimeshafika mahali nawaza hata talaka halafu nawaangalia watoto naacha.

Nisiwe muongo, na mimi nina yangu. Baada ya kujifungua huyu wa tatu kwa muda mrefu tendo lilikua linaniuma, nakauka, nikawa nasingizia mtoto hajalala. Sikumwambia, ikaja kuisha yenyewe. Na juzi juzi karudi ananisimulia bosi wao mpya kafanya nini sijui, mi nikawa naitikia mmh mmh huku najibu grupu la kikoba, akanyamaza akaenda kuoga.

Kiafya yuko fiti, walipimwa kazini mwaka jana akakutwa na presha anameza dawa kila asubuhi na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anaenda kliniki kuchukua zingine, ila haimsumbui anaenda kazini kama kawaida.

Ananichukia? Ana mtu? Na mtu anaegeukia ukutani unaanzaje kuongea nae?

Mama Watatu, Kimara

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na sentensi iliyonisimamisha sio ya kanga wala ya paswedi, ni ile uliyoiweka mwisho kabisa kama kitu cha kupita. Kakutwa na presha mwaka jana, akaanza dawa. Na umesema hajakugusa toka mwaka jana katikati. Umeandika haya mawili mbali mbali wala hukuyaunganisha, na nina wasiwasi kwamba hata yeye hajayaunganisha, au kayaunganisha kichwani mwake na hajui amwambie nani.

Nikueleze vizuri maana hii kitu inavunja nyumba za watu bila hata mtu kujua ni nini. Uume unasimama kwa damu kujaa. Mishipa inayopeleka hiyo damu ni myembamba, myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo presha ikikaa muda mrefu au sukari ikipanda, hapo ndo panaanza kuonyesha hitilafu, wakati mwingine miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Halafu na dawa zenyewe, sio zote ila baadhi, zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Zinazotajwa sana ni zile za zamani, kama atenolol na propranolol, na baadhi ya vidonge vya kukojosha maji ambavyo wengi wanaoanza tiba ya presha wanapewa. Nyingine kama amlodipine na losartan kwa kawaida hazina shida hiyo sana. Maana yake ni nini, maana yake mtu anaweza kubadilishiwa dawa na daktari mambo yakarudi au yakapata nafuu kubwa. Na hiyo ya kusema presha haimsumbui yuko fiti, presha kwa wengi haina dalili, mtu anatembea nayo anacheka nayo, kwa hiyo kumuona anaenda kazini hakutuambii kitu.

Sasa rudi kwenye ile siku uliyomuanza wewe ikashindikana. Wewe ulisoma mgongo wake ukaona kukataliwa. Mi nikiisoma kutoka huku naona mwanaume wa miaka 45 ambae mwili umemgomea mbele ya mke wake, ndo maana akageukia ukutani. Na ile hela ya mezani, mwanangu, najua imekuuma na usiache kuona kwamba imekuuma, ila mtu aliyefundishwa toka utotoni kwamba uanaume wake ni kuhudumia na kuweza kitandani, kimoja kikimshinda anaongeza kingine. Hakuwa na neno, akaacha noti. Haikua sawa, ila sidhani kama alikua ananunua ukimya wako.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo linaniumiza mwaka hadi mwaka nikisoma barua zenu. Sisi wanawake angalau tunafundwa. Kuna kungwi, kuna somo, kuna kitchen party, hata kama mengi yanayosemwa kule ni namna ya kumfurahisha mwanaume tu, ila kuna mahali mwili unatajwa kwa jina na watu hawafi. Wanaume jandoni wanafundishwa kuvumilia kisu bila kutoa sauti. Baada ya hapo basi. Hakuna anaemkalisha kijana akamwambia ukifika arobaini na kitu mwili utabadilika, ukibadilika mwambie mkeo na umwambie daktari. Anachopata ni utani wa vijiweni kuhusu nguvu za kiume na matangazo ya dawa yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme. Kwa hiyo anakaa sebuleni anaangalia marudio ya mechi ambayo matokeo yake anayajua mpaka ahakikishe umelala, ili asijaribiwe tena.

Sitakuapia kwamba hana mtu. Siishi kwenu. Ila niangalie ulichoniandikia mwenyewe: mshahara unafika nyumbani, kila usiku yuko sebuleni kwako, na shida imeanza ghafla kipindi kile kile cha ugonjwa na dawa. Hayo yakikaa pamoja mi mchepuko nauweka nyuma ya foleni. Kama moyo haukai, siku mkienda kliniki mkapime wote wawili na virusi, ni kitu ambacho wanandoa wanatakiwa kufanya hata wakiwa na amani, na huhitaji kumtuhumu ili mpime. Simu yake achana nayo. Hata ukiipata paswedi utakachokikuta huko hakitakuambia kwanini analala mzungu wa nne.

Vumbi la Kongo kwenye chai, HAPANA. Hapa nitakua mkali. Unga ambao haujaandikwa umechanganywa nini, unampa mtu mwenye presha anaemeza dawa, tena bila yeye kujua, unaweza kumuua mume wako mezani kwako na watoto wanaangalia. Na hata vile vidonge vya duka la dawa vya kuongeza nguvu, vile vya kundi la Viagra, ni dawa halali na zinasaidia wengi, ila mtu anaetumia dawa fulani za moyo zinazoitwa naitreti akizimeza presha inashuka ghafla na anaweza asiamke. Ndo maana ni za kuandikiwa na daktari anaejua unameza nini kingine. Na elfu themanini ya huyo mtaalamu iache mfukoni, dada yako mshukuru umalizane nae. Na kitu kingine, ukishaongea na mumeo asije akasema basi naacha dawa ya presha. Asiache. Atenolol na za kundi lake ukizikatisha ghafla moyo unaweza kupata msukosuko mkubwa, na presha isiyo na dawa inaleta kiharusi. Anabadilishiwa na daktari, haachi mwenyewe.

Haya, unaanzaje kuongea nae. Hilo ndo swali lako la kweli naona.

Usianze kitandani. Usianze usiku. Usianze akiwa na njaa wala mpira ukiwa hewani, na usianze na neno "tunahitaji kuongea" maana mwanaume akisikia hivyo anajiandaa kwa kesi. Tafuta sehemu mko mnafanya kitu wote hamtazamani usoni, mnatembea kutoka kanisani au msikitini, mnaosha gari, mmekaa siti moja kwenye basi mnaenda kumuona mama. Watu wengi maneno magumu yanawatoka vizuri wakiwa wanaangalia barabara.

Na anza na lako. Hii ndo sehemu ngumu kwako na ndo maana naisisitiza. Wewe uliumia baada ya kujifungua, ukakauka, ukasingizia mtoto hajalala. Yeye mwili umegoma, anasingizia kesho anaamka saa kumi. Mmefanya kitu kile kile, tofauti ni nani alianza. Hali yako ilikua ya kawaida kabisa, mama anaenyonyesha homoni yake ya estrojeni inashuka na ukavu unakuja, ni kitu cha kuelezwa kliniki na vilainishi vipo, ila hakuna aliyekuambia na wewe hukumwambia yeye. Inawezekana kabisa kipindi kile na yeye alijiuliza kama humtaki tena. Kwa hiyo mwambie hivi, kwa maneno yako sio yangu: "Baba nanihii, kuna kitu sikuwahi kukwambia. Nilipomzaa huyu wa mwisho nilikua naumia nikawa naona aibu kukwambia, nikakukwepa. Nisamehe. Na sasa hivi naona kama kuna kitu na wewe kinakusumbua. Mi nimekumisi, sio hilo tu, nimekumisi wewe."

Halafu nyamaza. Yani nyamaza kweli, usijazie. Anaweza asijibu siku hiyo. Anaweza akasema "mi niko sawa" akabadilisha mada akakuuliza umeme umebaki yuniti ngapi. Mjibu ya umeme kwa upole na umuache. Umeshafungua, atarudi kwa muda wake, baada ya siku mbili tatu unaweza kumuongezea kidogo: "Nimesikia hizi dawa za presha nyingine zinamletea mtu shida ya mwili, na ikiwa hivyo daktari anabadilisha." Ona ulivyosema, umesema dawa, hujasema wewe huwezi. Neno "huwezi" na "siku hizi umekuaje" lisitoke mdomoni mwako hata mkikasirikiana kwa jambo lingine, wanaume wanalikumbuka hilo neno mpaka uzeeni.

Ile kanga, mwanangu, niseme ukweli, ilikua na ujumbe mzuri ila kwa mtu ambae tayari anajihisi ameshindwa, kusoma kwamba wewe hupati ilikua kumkumbusha. Kama aliielewa ilimuuma, kama hakuielewa umepoteza hela. Ongea kwa mdomo.

Kuna kingine ambacho hakihusiani na dawa wala presha, na hiki ni chenu wote. Ile juzi alivyokuja kukusimulia habari za bosi ukawa unajibu kikoba. Hukufanya kosa la jinai, sote tunafanya. Ila sikia hii. Kuna profesa wa saikolojia Marekani anaitwa John Gottman, alikua Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, yeye na wenzake waliwafuatilia maharusi wapya kwa miaka sita, wakawa wanaangalia vitu vidogo vidogo tu, mmoja akisema "ona yule ndege", mwenzie anageuka au hageuki. Walikuta ambao ndoa zao zilikuwepo bado baada ya ile miaka sita walikua wanaitikia miito ya hivyo mara 86 katika 100. Walioachana, mara 33. Wala hawakua wanapima zawadi au safari za Zanzibar. Mumeo kuja na stori ya bosi, kwa mtu ambae hasemi, ule ndo ulikua mkono wake ameunyoosha. Zile voisi za foleni ya Ubungo zilikua ni kitu hicho hicho, konda kafanya nini, abiria kajibu nini, hazikua na maana yoyote na ndo zilikua zinawashika. Akija na stori nyingine weka simu mezani kioo kikiangalia chini, muulize "ehe, akasemaje?" Na wewe anza kumtumia voisi zako hata asipojibu, sio za gesi, mwambie tu kitu ulichokiona ukacheka.

Mtoto wa miaka minne ahamie kwa wenzie. Atalia usiku wa kwanza na wa pili, atazoea. Najua chumba kinaweza kuwa kidogo na hela ya kitanda ni hela, godoro chini chumbani kwa wenzie linatosha.

Na hapo katikati wakati mnasubiri kliniki, mkubaliane, na mseme kwa sauti mkubaliane, kwamba kwa wiki kadhaa hakuna tendo. Limefungwa. Mnagusana tu, unamkanda mgongo, analala amekushika, mnaoga pamoja watoto wakiwa shule, na ikitokea mwili umeamka bado hamuendi huko. Najua linasikika kinyume, wewe umeandika unalalamika hupati halafu anti anakwambia ufunge kabisa! Ila hofu ya kushindwa yenyewe inatosha kuzuia damu isifike. Ukimuondolea huo mtihani, mwili unapumua. William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis walianza kutibu wanandoa kwa njia hii wakaiandika mwaka 1970 na madaktari wa mambo ya mapenzi wanaitumia mpaka leo. Na kwako pia ina faida, umesema hajakugusa, hukusema tu hajakuingilia, nadhani unachokililia zaidi ni ule mkono.

Talaka sitakukataza kuiwaza, ni haki yako, na kama siku moja angekuinulia mkono ningekua naandika barua nyingine kabisa. Ila kwa hapa mlipo bado hamjaanza hata kuongea. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe, kifungu cha 101, kwa kawaida haikupeleki mahakamani kudai talaka mpaka kwanza mpite baraza la usuluhishi, na pale baraza watawauliza hilo hilo, mlishakaa mkaongea?

Mama yako mwambie umemsikia, na usivumilie kwa maana yake yeye ya kunyamaza. Shoga wa kazini asijue hata mstari mmoja wa mtakayoongea, habari za mwili wa mumeo zikirudi kwake kupitia mtaa hutamfungua tena.

Sasa kliniki. Umesema ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nadhani huwa anaenda peke yake. Omba ruhusa kazini mapema uende nae. Akikubali ingia nae ndani, akitaka uingie nusu tu umsubiri kwenye benchi, msubiri kwenye benchi. Wanaume wengi wakifika mbele ya daktari, hasa akiwa daktari binti mdogo, ulimi unaganda anachukua vidonge anaondoka, kwa hiyo aandike kwenye karatasi nyumbani: majina ya dawa anazomeza, zilianza lini, shida ya nguvu za kiume ilianza lini, naomba kupimwa sukari na mafuta ya damu, naomba kujua kama dawa inaweza kubadilishwa. Anamkabidhi daktari karatasi, haongei. Daktari akimkatisha au akicheka, mna haki ya kuomba mwingine.

Jibu linaweza kuwa tofauti na nililowaza mimi, inaweza ikawa ni sukari, inaweza ikawa ni msongo wa huyo bosi mpya, na kwenye hilo la mwisho utakua unajua zaidi yangu kama utamuuliza. Niandikie mkitoka huko.

Anti